Dunia ikiisha, kodi ya nyumba nayo inaisha?

Kwenye sinema zote za dunia kuisha ambazo nimeangalia, na manze nimeangalia nyingi kuliko mtu mwenye kazi anavyofaa kuangalia, sijawahi kuona tarehe tano. Mazombi nimeona. Kimondo nimeona, mafuriko ya kufunika magorofa nimeona, wanajeshi waliofunika nyuso wakichoma kijiji nimeona hadi nimezoea. Lakini tarehe tano, ile siku keateka, msimamizi wa ploti, anapita mlango kwa mlango kuitisha kodi na kitabu chake kimekunjwa kwapani, haipo. Imefutwa kabisa. Na mi nashuku hapo ndio penye utamu wote wa hivi vitu, kuliko zile sababu nzito nzito ambazo wachambuzi wa filamu hutupea.

Sababu zao nazijua na si eti ni za uongo. Watakwambia watu waliogopa bomu la nyuklia wakatengeneza sinema za nyuklia, wakaogopa virusi wakatengeneza za virusi, sasa tunaogopa joto na kompyuta zenye akili kwa hivyo subiri za hizo zinakuja. Kuna hata ile saa ya wanasayansi wa Marekani, walianza kuiweka 1947, inaonyesha binadamu tumebakisha muda gani tugonge saa sita ya usiku, yaani mwisho wetu, na Januari 2025 waliiweka sekunde 89. Sawa, inatisha. Lakini mtu akiogopa kitu si hukikwepa? Mimi naogopa nyoka na hujanisikia nikitafuta sizoni ya tatu ya nyoka saa nane usiku na kesho niko kazi. Kuna kitu tunafurahia hapo ndani na tunaona haya kukitaja.

Jamaa anayetujazia muvi kwa flashi hapa mtaani ameziweka zote kwa folda moja ameiita MWISHO, na anasema inatembea kuliko ya mapenzi. The Walking Dead iko hapo, ilianza 2010 ikajikokota hadi 2022, sizoni 11, watu wakikimbia maiti kwa msitu uleule. The Last of Us ambayo ilikuwa gemu ya 2013 kabla ya kuwa ya TV Januari 2023, ile ya kuvu inayokuingia kwa ubongo. Fallout nayo ilikuwa gemu, ikaja kwa TV 2024. Train to Busan ya Wakorea, 2016, na ukiangalia hiyo kwa kibanda cha muvi na watu wamejaa unasikia mtu mzima akilia anajifanya ni mafua.

Sasa ebu angalia vile zinaanza. 28 Days Later ya 2002, jamaa anaamka hospitali, anatoka nje, London tupu, anatembea peke yake juu ya daraja la Westminster. The Walking Dead, askari anaamka hospitali, mji tupu. The Last of Us inakupa usiku mmoja wa fujo mwaka 2003, unalia kidogo, halafu tap, miaka 20 imepita. Umeona ujanja? Mtu analala, anaamka, dunia imeshaisha. Mabilioni ya watu wamekufa na hakuna kamati ya mazishi hata moja. Hakuna mtu ameingizwa kwa grupu ya WhatsApp bila kuulizwa, hakuna mweka hazina anaweka orodha kila jioni ya nani ametuma ngapi na wewe jina lako halipo, hakuna mwili umezuiliwa mochari juu ya bili. Mateso yote ambayo kifo huleta kwa walio hai yamerukwa. Tumebakishiwa barabara tupu.

Na barabara tupu, kwa mtu wa Nairobi, nisamehe tu, hiyo si kitu ya kutisha. Mi nikiona London imenyamaza vile akili yangu haiendi kwa wafu, inaenda Thika Road saa kumi na mbili jioni bila gari hata moja, nimeteremka kutoka Pangani hadi Githurai na baiskeli ya mtu katikati ya barabara naimba. Inaenda pale Mombasa Road, Bellevue, hakuna mtu anapiga honi. Kuna raha hapo ambayo ni mbaya kidogo, manake ili barabara iwe tupu lazima wale wote wengine wawe wameenda mahali, na hatujiulizi wameenda wapi.

Halafu ile ya supamaketi. Lazima iwe. Mwaka wa 1978 George Romero alichukua mazombi akawafungia nje ya jumba la maduka na watu wachache ndani, sinema ikaitwa Dawn of the Dead, na tangu hapo kila mtu wa hizi stori amepitisha troli bila kufika kwa kaunta. Wachambuzi wanasema Romero alikuwa anacheka watu wanaopenda kununua sana. Labda. Kwa kibanda hapa hakuna mtu hucheka wakati huo, watu wananyamaza, wanahesabu. Mafuta ya lita tano, mchele ule wa Pishori, pampas, jibini ambayo hakuna anayejua inaliwa na nini. Sukari bei ikiwa vile iko, mtu kujaza troli na kutoka ni fantasia kubwa kuliko ya kuruka angani.

Kwa hivyo msimamo wangu ndio huo. Hatupendi mwisho wa dunia, tunapenda mwisho wa madeni. Mikopo ya simu imekufa na simu. Karo imekufa na shule. Bosi amekuwa zombi, na mtu anakubaliwa, tena anapongezwa, kumpiga na jembe. Unabaki wewe na vitu vitatu vya kufanya, tafuta maji, tafuta chakula, usiumwe, na ukivifanya vizuri unalala umemaliza. Ni lini mara ya mwisho ulilala kama umemaliza?

Tatizo ni kwamba kila mtu anajiweka kwa wale wanaobaki. Uliza mtu yeyote kwa kibanda, hakuna atakwambia mi ningekuwa zombi wa kwanza, yule wa pale nyuma amevaa fulana ya kampeni. Wote ni mashujaa. Na mpango wao wote ni mmoja, niko na uhakika ukiuliza Kayole ama Kawangware utaambiwa hivyo hivyo: mi ningeenda ushago, kijijini kwetu. Wazungu kwa sinema zao wanahangaika, wanatafuta shamba la mtu wasiyemjua, wanatafuta kisiwa, wanatafuta kambi ya jeshi. Sisi tuko na ushago. Tunaona tumewashinda hapo.

Lakini fikiria hiyo vizuri. Watu zaidi ya milioni nne wa huu mji wote wameamua kwenda ushago saa moja. Si unajua Desemba 23 huwa aje? Hiyo ni bila mazombi. Kutoka Kangemi hadi Rironi gari haisongi, na makanga wa Nairobi hata kama anaona damu kwa kioo lazima atapandisha fea kwanza, Nakuru elfu tano, Kisumu kumi, aliyeumwa analipa ya watu wawili. Mtakufa mkibishana chenji. Na ukifika, tuseme Mungu amesaidia umefika, kuna shangazi amesimama kwa lango na swali lake la kila mwaka, umetuletea nini. Kuna kesi ya mpaka wa shamba imekungoja tangu babu. Hiyo sinema hakuna mzungu anaweza kuandika.

Na si eti hatujawahi kuwekwa kwa majaribio. Mwisho wa 2019 nzige waliingia nchi, wimbi baya kuliko yote Kenya ilikuwa imeona kwa miaka 70, na wahubiri wa mtaani wakafungua Biblia, Kutoka sura ya kumi, wakawa na kazi ya kutosha. Kabla nzige waishe, Machi 13, 2020 kisa cha kwanza cha corona kikatangazwa. Machi 27 kafyu ikaanza, saa moja jioni hadi saa kumi na moja asubuhi. Aprili 6 Nairobi ikafungwa, hutoki huingii, na wale wa mi ningeenda ushago ndio hao wakakwama na mpango wao mzuri. Kote duniani watu wakarudi kutafuta Contagion, sinema ya Steven Soderbergh ya 2011, wakiangalia virusi vya kwa TV huku vya ukweli viko nje ya mlango. Sisi pia tuliangalia. Ilisambaa kwa flashi haraka kuliko ushauri wa kunawa mikono.

Sasa hapo ndio dunia ilisimama kweli. Barabara zikawa tupu kama vile tulikuwa tunatamani, saa moja ikifika hata mbwa wa mtaa walishangaa. Shule zikafungwa, makanisa yakafungwa, uwanja wa ndege ukanyamaza, kazi za watu zikakatika kama uzi. Kila kitu kilisimama isipokuwa kimoja. Tarehe tano ilifika vile hufika, na keateka akaja, barakoa imeshuka kwa kidevu, amesimama hiyo mita moja na nusu ya serikali, "bosi, landilodi ameuliza". Hakuomba samahani na simlaumu, naye aliulizwa na mtu. Mitaa mingine watu waling'olewa milango na mabati kwa sababu ya kodi, katikati ya ugonjwa ambao tiba yake tuliambiwa ni ukae ndani ya nyumba yako.

Hiyo ndio siku nilielewa ni kitu gani hizi sinema hutuuzia. Zinatuuzia mwisho uliokamilika. Ule wa ukweli huwa nusu nusu, unachukua mshahara unaacha bili, unachukua nyanya yako unaacha mkutano wa Zoom saa tatu. Kuna utafiti ulitoka 2021, jamaa anaitwa Coltan Scrivner na wenzake waliuliza watu kama mia tatu Marekani wakati wa corona, wakapata kwamba wanaopenda sinema za mazombi na za dunia kuporomoka walikuwa wanajiona wamejiandaa zaidi kwa ile hali. Naamini. Lakini kujiandaa kwa mtu ambaye maji ya mfereji kwake huwa yanaisha mara moja kwa karne ni tofauti na kujiandaa kwa mama wa mtaa wa Pipeline hapa Nairobi ambaye mitungi yake ilikuwa imepangwa kwa ukuta tangu kabla Scrivner azaliwe. Ndio maana sisi huangalia hizi vitu kama wasimamizi wa mtihani. Stima imepotea kwa siku moja na mzungu ameshaanza kuua jirani! Agosti 25, 2023 stima ilipotea karibu nchi nzima, hadi uwanja wa ndege wa JKIA ukawa giza, na kwetu kelele kubwa ilikuwa ya mtu nyama yake inaoza kwa friji na ya vijana waliokosa mpira.

Na msidhani huu ni ugonjwa tumeambukizwa na Netflix. Miaka mia mbili na kitu iliyopita, huko Lamu, Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir alitunga utenzi wa Al-Inkishafi, na ukitoa mawaidha ukaangalia picha tu, hiyo ni sinema ya MWISHO. Anakutembeza ndani ya majumba ya matajiri wa mji wa Pate baada ya mji kuanguka. Taa zilizokuwa zinawaka, mito ya hariri, watumishi wa kupepea, halafu kata, popo wanaruka ndani, vidaka vya kuwekea sahani za kichina vimekuwa viota vya ndege, majani yameota uani. Mshairi anauonya moyo wake aachane na dunia, na anamaanisha, lakini ebu niambie ukweli, nani anasoma hapo bila kusikia kamoto fulani kwa kifua kwamba wale waliokuwa wanatembea vifua mbele nao wamelala kwa mchanga? Mi nikipita Muthaiga, mtaa wa matajiri, na matatu huwa nawaza ndege gani atakaa wapi.

Hiyo kamoto ndio pia inaweza kukuua. Siwezi kuandika haya yote nikiwa Kenya nijifanye sikumbuki Shakahola. Aprili 2023 huko Kilifi polisi walianza kufukua makaburi kwa msitu, na kufikia wakati walipunguza kuchimba miili ilikuwa imepita 400, watoto wengi ndani. Waliambiwa dunia inaisha, wafunge wasile, watakutana na Yesu. Kesi bado iko kortini kwa hivyo hayo ya nani alifanya nini nawaachia majaji. Kitu kilinikaa ni vile stori zilikuja kwa magazeti za watu walioacha kazi, walioacha shule, waliouza vitu. Watu walicheka wakasema ni ujinga. Mi sikuona ujinga, niliona ahadi ileile ya folda ya MWISHO, kwamba kesho hakuna karo, hakuna bili ya hospitali, hakuna mtu wa kukuuliza, ila sasa imepewa tarehe na imepewa mtu wa kuisimamia. Miaka minne nyuma yake, 2019, si hata sisi wa mjini tulipiga foleni ya Huduma Namba, ile namba ya usajili ya serikali, tukinong'onezana kama ni 666, namba ya mnyama wa Ufunuo? Tofauti ni kwamba sinema ikiisha inakuacha uende zako, haikuombi uuze kitanda.

Kuna moja huwa inanichekesha vibaya, 2012, ile ya Roland Emmerich ilitoka 2009. Dunia inapasuka, serikali kubwa zimejenga meli kwa siri, na kiti kimoja humo ndani ni yuro bilioni moja. Yaani hata mwisho wa dunia una tiketi ya VIP. Halafu maji yakitulia inajulikana Afrika imeinuka, haikuzama, milima ya Drakensberg sasa ndio paa la dunia, kwa hivyo meli zote zinageuza kuja huku, muziki mtamu unapiga, jua linachomoza. Hakuna mtu kwa hizo meli anauliza kama kuna wenyewe. Hakuna viza. Hatuonyeshwi hata mzee mmoja amesimama ufukweni na fimbo akiwauliza mnatoka wapi na mmetumwa na nani.

Viza ndio inanileta kwa ile ninayoipenda kuliko zote, na ni yetu. Pumzi, ya Wanuri Kahiu, ilitoka 2009, ikaonyeshwa kwa tamasha la filamu la Sundance 2010, dakika kama 21 tu. Miaka 35 baada ya Vita ya Tatu ya Dunia, vita ya maji. Afrika Mashariki nje ni mchanga mtupu, watu wanaishi ndani ya jengo lililofungwa, jasho lako na mkojo wako vinasafishwa unakunywa tena, umeme unatoka kwa watu wanaokimbia kwenye mashine. Msichana anaitwa Asha, anafanya kazi kwa jumba la makumbusho, analetewa udongo kwa kisanduku na hajui umetoka kwa nani. Anaupima, unyevu upo. Anapanda mbegu ndani, inachipua. Yaani uhai uko nje! Na anafanya nini? Anafanya vile wewe na mimi tungefanya. Anaenda kwa wakubwa anaomba kibali cha kutoka.

Ananyimwa.

Nilipofika hapo nilisimamisha muvi nikacheka hadi jirani akagonga ukuta. Dunia imeisha, mito imekauka, mti hakuna hata mmoja, lakini ofisi ya vibali imebaki! Iko wazi! Imekaa pale na uso wake! Na huyo msichana ana ushahidi mkononi, mmea mbichi, anaambiwa nje hakuna kitu, ombi limekataliwa, halafu anapelekwa kukimbia kwa mashine ya stima kama adhabu. Ni mtu aliyekua Kenya tu anaweza kujua hiyo ndani ya mifupa, kwamba kitu cha mwisho kufa si mende, ni kaunta yenye mtu nyuma yake anayesema rudi wiki ijayo. Hollywood wanafuta kila kitu ili shujaa apumue. Kahiu hakumfutia Asha chochote, amemwachia zamu, mgao wa maji, mkubwa wa kumpigia magoti, na bado akamfanya atoke, na anayemsaidia ni mama wa kusafisha choo. Sisemi mwisho wake, dakika 21 hazikushindi.

Nimempelekea jamaa wa flashi aiweke kwa folda. Alikataa mwanzo, akasema ni fupi, kastoma ataona amepunjwa. Tukakubaliana aiweke bure, nyongeza, mtu akijaziwa zingine. Juzi ananiambia kuna mathe mmoja amerudi nayo anataka sehemu ya pili, na anauliza, kwani huyo msichana hakuwa anajua mtu huko ofisini?